Barua ya bibi, maneno machache pungufu

Mwezi wa tatu mwaka huu mama alinipigia simu kutoka Muheza. Salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida yake, nikajua kuna jambo. "Fundi anaezua bati Jumamosi," akasema. "Njoo uchukue takataka zako huko darini, la sivyo watu watakokea moto."

Takataka zenyewe ni tranka la bati niliyokwenda nalo bweni, la bluu, kufuli limeliwa na kutu. Tulilivunja kwa nyundo ya fundi. Ndani mlikuwa na sketi ya shule iliyotobolewa na mende, kitabu cha otografu cha darasa la saba, bahasha kadhaa, na madaftari manne ya mistari ambayo niliyaandika kati ya 1992 na 1996. Juu ya jalada la kila moja nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: SIRI. ATAKAYEFUNGUA ATAPOFUKA MACHO. Nikafungua.

Saa la kwanza lilikuwa la kucheka. Niliandika kila kitu, jamani. Siku tuliyokula wali niliandika "leo tumekula wali". Siku ambayo hatukula wali niliandika kwamba hatukula wali. Kuna shairi la beti tisa kuhusu kijana mmoja mwenye baiskeli, vina vyote vya kati vimevunjika, na mwishoni nimejipa maksi mwenyewe, 85. Kuna orodha ya rafiki zangu kwa mpangilio wa jinsi nilivyowapenda, na majina yamefutwa na kupandishwa na kushushwa kama timu kwenye ligi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha, kila nikicheka anauliza, "Nini tena?" na mimi namsomea.

Saa la pili nikaacha kumsomea.

Kabla sijasema niliona nini, niwaeleze kitu ambacho wanaonifahamu wameshakisikia mara nyingi mno. Mtu akiniuliza nilianzaje kupenda kuandika, nina jibu langu moja. Nimelitoa kwenye mazungumzo ya vitabu, nimelitoa mbele ya wanafunzi, nimelitoa hata harusini. Nasema: nilikuwa mkono wa bibi yangu. Bibi mzaa mama hakujua kusoma wala kuandika, na watoto wake walitawanyika, kwa hiyo tangu nikiwa darasa la nne mimi ndiye niliyemwandikia barua. Yeye anakaa kwenye kigoda, anamenya machungwa au anachambua kunde, anasema, mimi naandika. Huwa nasimulia jinsi nilivyojifunza mwanzo wa barua kama watu wanavyojifunza dua: baada ya salaam, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu, na dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Nasimulia kwamba bibi alisema kwa Kibondei na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, nami nilitakiwa kumwaga yote katika Kiswahili cha darasani bila kumpotezea kitu. Watu hupenda sana hapo. Na mimi hupenda wanavyopenda. Kisha humalizia kwamba bibi hakuruhusu bahasha ifungwe kabla hajasomewa. "Nisomee," alikuwa anasema, na mimi nilimsomea kuanzia juu hadi chini, naye akasikiliza macho yamefumbwa.

Sasa haya hapa ndiyo yaliyokuwa kwenye daftari la pili, la mwaka 1993, nikiwa na miaka 13. Nayanakili na makosa yake:

"Leo nimeandika barua ya bibi kwenda kwa mjomba Morogoro. Bibi kasema nimwambie yale ya machungwa yameisha na aje nyumbani. Sijaandika. Nimeandika miguu inamuuma na atume hela. Akome. Bibi kaniambia nisome nimemsomea kama alivyosema. Kesho nitapeleka posta."

Halafu mstari unaofuata, bila hata kuruka nafasi, nimeandika kwamba kalamu ya rafiki yangu imepotea na ananisingizia mimi.

Ya machungwa ni hivi. Bibi alikuwa na michungwa. Kwetu Muheza anayejua machungwa anajua kwamba tajiri hanunui matunda, ananunua miti: anakuja yakiwa bado mabichi, au hata yakiwa maua, anahesabu miti, anatoa hela, na akishatoa hela msimu ule wote ni wake, mwenye shamba huwezi hata kuchuma la kumpa mgonjwa. Mwaka 1991 mjomba, kitinda mimba wa bibi, aliuza msimu mzima bila kumwambia mama yake. Bibi aligundua siku vijana wa tajiri walipokuja na ngazi. Mjomba alikuwa ameshapanda basi kwenda Morogoro kutafuta maisha, na hela ile ndiyo iliyokuwa ya kila kitu, ikiwemo sare yangu ya shule na viatu. Mwaka ule nilikwenda shule na viatu vya kaka vilivyojazwa matambara mbele. Watoto walinicheka. Hasira yangu ilitoka hapo. Sisemi kwamba ilitosha, nasema ilitoka hapo.

Kilichofuata hakimo kwenye daftari, kimo kwenye masimulizi ya ukoo. Mjomba alipata barua na akatuma hela kwa posta. Hakuja. Bibi alizipokea zile hela, akazifunga kwenye pindo la kanga, na hakuzisema tena. Mwaka 1995 bibi alifariki, taarifa ikachelewa, mjomba akafika siku mbili baada ya mazishi. Tangu hapo nyumbani kwetu mjomba ana sentensi moja tu: huyo alituma hela, hakuja. Mama anaisema. Mama wadogo wanaisema. Mimi mwenyewe nimeisema, siwezi kuhesabu mara ngapi, na nimeisema kwa moyo safi kabisa, kama mtu anayesimulia jambo lisilomhusu.

Na hili ndilo lililonikosesha usingizi kwanza, kabla ya mengine yote. Sikumbuki. Nimejaribu kwa kila njia. Daftari limenirudishia vitu vingi ambavyo hata halikuviandika: harufu ya koroboi na ya maganda ya machungwa yaliyotupwa kwenye makaa, uchungu wa gundi ya bahasha kwenye ulimi, bibi akinipokonya karatasi na kuitazama kwa mbali, mkono umenyooshwa, kama anayetazama picha. Vyote hivyo vimerudi. Lakini ile siku, ule mstari, kile kitendo cha kushika karatasi yenye maneno fulani na kusoma kwa sauti maneno mengine, hakuna. Nikijilazimisha napata picha, ndiyo, lakini naishuku. Naona meza ambayo nina hakika ilinunuliwa bibi alipokuwa ameshafariki. Nadhani akili yangu imesoma daftari na sasa inanichorea sinema ili niridhike.

Basi swali ni hili, na sikutegemea kulikuta ndani ya tranka: jambo nililolifanya nikiwa mtoto, ambalo silikumbuki hata kidogo, ni langu?

Wapo waliosema hapana. Mwingereza John Locke, kwenye sura aliyoiongeza katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa mwaka 1694, aliona kwamba mimi ni mimi kwa kadiri ufahamu wangu unavyoweza kurudi nyuma na kulikuta tendo. Pale ufahamu unapokoma, na mimi nakoma. Alikubali kwamba hakimu wa duniani atamwadhibu mlevi kwa alichokifanya akiwa amelewa, kwa sababu hakimu hawezi kuona ndani ya kichwa cha mtu, lakini alitarajia kwamba siku ya siku, siri zote zitakapofunuliwa, hakuna atakayejibishwa kwa jambo asilolijua. Nilipomsoma Locke chuoni nilimwona mkali. Safari hii nimemsoma nikamwona mpole kupita kiasi. Ni rahisi sana kumkubali ukiwa na daftari kama langu mkononi, na urahisi huo ndio ulionifanya nimwogope.

Miaka karibu mia baadaye Mskoti Thomas Reid alimjibu, katika kitabu cha 1785, kwa kisa kifupi. Kulikuwa na mtoto aliyechapwa shuleni kwa kuiba kwenye shamba la matunda. (Shamba la matunda! Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.) Mtoto yule akakua akawa ofisa wa jeshi, akateka bendera ya adui. Ofisa akazeeka akawa jenerali. Ofisa siku ya kuteka bendera alikuwa bado anakumbuka viboko vya utotoni. Jenerali anakumbuka bendera, ila viboko ameshavisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule yule ofisa, ofisa ni yule yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto. Kitu hicho hakiwezekani. Reid akasema kumbukumbu haimfanyi mtu kuwa yeye. Inampa tu ushahidi kwamba alikuwa yeye.

Namfuata Reid, na sababu yangu si ya kimantiki sana. Nilipoiona ile "Akome", niliijua. Tendo silikumbuki, lakini neno lile ni langu. Mpaka leo nikikasirika kweli sipigi kelele, nakaa kimya na ndani kwa ndani nasema akome. Watoto wangu wanajua ule ukimya. Yule msichana wa 1993 hajaenda popote.

Kuna mlango mwingine wa kutokea na niliujaribu pia. Madrasa tulifundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mwenye wazimu mpaka apate akili, na mtoto mpaka abaleghe. Kalamu inayoandika madhambi haiandiki juu yao. Nikafurahi. Nikageuza kurasa za daftari lile lile nyuma kidogo, miezi miwili kabla ya barua, na nikakuta nimeandika kwa wino mwekundu, kwa fahari na hofu, kwamba nimevunja ungo na mama mdogo kanifundisha mambo. Basi. Daftari linalonishtaki ndilo hilo hilo lililonifungia mlango wa kutokea. Nilikuwa na kalamu mbili siku ile, ya mkononi na ile nyingine, na zote mbili ziliandika.

Sasa ukishakubali kwamba tendo ni lako, ufanye nini na karatasi? Mama, nilipomwambia hatimaye, alinyamaza muda mrefu na mchicha wake. Kisha akasema, "Lichome." Sikutegemea. Mama yangu ni mtu wa kutunza, ana risiti za 1987. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yaliyokwenda na bibi yameshakwenda. Baadaye, usiku, taa imezimwa, ndipo aliposema lile lililokuwa linamkaba: "Na mimi je? Miaka thelathini nimemnunia kaka yangu. Nitamwambia nini, nilimnunia kwa sababu ya karatasi ya mtoto?" Mimi nilidhani ananilinda. Kumbe kila mtu nyumbani alikuwa na chake kilichosimama juu ya ile sentensi, alituma hela, hakuja, na mimi nilikuwa naitoa chini ya miguu ya wote.

Mume wangu aliniuliza swali baya zaidi, kwa upole. "Unakwenda kumwambia kwa ajili yake au kwa ajili yako?" Mzee ana miaka 72, ameshazoea kuwa mtoto aliyelaaniwa, ameweka maisha yake juu ya mazoea hayo. Uende umwambie kwamba alikuwa amesamehewa tangu 1993, kwamba miaka miwili mizima mama yake alikuwa hai na anamsubiri, umpe na huzuni mpya uzeeni, ili wewe ulale vizuri? Sikuwa na jibu. Kukiri makosa kuna aina ya ulafi ndani yake. Nimesoma tawasifu za kutosha kujua kwamba mwandishi anayejipiga kifua mbele ya wasomaji huwa anatazama pembeni kuona kama wanapiga makofi, na msomaji wangu makini atakuwa ameshajiuliza kama ninachokifanya hapa ni hicho hicho. Ajiulize tu. Nimejiuliza pia.

Nilitafuta kwa waandishi wengine jinsi ya kuishi na maandishi yako ya zamani. Kisa cha Kafka na rafiki yake Max Brod, aliyeambiwa achome akakataa, kimetajwa mno, nakiacha. Nilimpenda zaidi Augustino wa Hippo. Alipokuwa mzee sana, akiwa na zaidi ya miaka sabini, alichukua vitabu vyake kimoja kimoja, akavisoma upya, na akaandika kitabu kizima cha kusema hapa nilikosea, hapa nilisema ovyo, hapa nieleweke hivi. Hakuvifuta vile vya zamani. Angetaka asingeweza, vilikuwa tayari mikononi mwa watu. Hiyo ndiyo tofauti yake na mimi, daftari langu lilikuwa mikononi mwangu peke yangu na kiberiti kilikuwa jikoni.

Halafu nikamkumbuka jirani yetu wa Tanga, Shaaban Robert. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilitunzwa na zikaja kuwa kitabu. Tunaisoma leo sauti yake ya faragha, mtu anayemwandikia mtu wa damu yake, kwa sababu kuna aliyeziandika alivyotaka mwenyewe na kuna aliyezipokea na kuziweka. Nilipokuwa naliwaza hilo ndipo nilipoona kosa langu lilikuwa aina gani. Siku zote nilikuwa nalifikiria kama uongo. Bibi yangu alikuwa mtunzi asiye na mkono. Zile barua zilikuwa zake, kazi yake, kama tenzi za watu wa zamani walizoghani na wengine wakaziandika. Barua ni amana. Maneno "yameisha, njoo nyumbani" hayakuwa yangu kuyaficha mwaka 1993, na hayakuwa yangu kuyachoma mwaka huu. Waswahili tunasema mjumbe hauawi, tunamlinda mjumbe kwa sababu maneno si yake. Mjumbe aliyefungua mzigo njiani akachukua kitu halindwi na methali hiyo.

Hapo swali la mume wangu likapata jibu, angalau la kunitosha mimi. Nilikuwa na mzigo wa mtu haujafikishwa. Kama kuufikisha kungenipa usingizi au kuniongezea kukosa usingizi, hilo lilikuwa jambo la pembeni. Na uzito wa mzigo kwa mpokeaji? Kwa kweli sijui kama nina haki ya kumchagulia mtu mzima asipokee ujumbe wa mama yake kwa sababu utamuumiza. Nilishamchagulia mara moja.

Mwezi wa tano nikapanda treni ya SGR kutoka Dar kwenda Morogoro. Safari ni fupi mno siku hizi, hujamaliza kupanga maneno umeshafika. Mjomba anaishi peke yake, mke alifariki, watoto wako Dodoma. Anafuga sungura. Mimi ndiye niliyerithi jina la bibi, kwa hiyo mjomba hajawahi kuniita mpwa wala mwanangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Karibu mama. Umekonda."

Tulikula kwanza, maana asingenisikiliza kabla ya kula. Kisha nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu, wa viatu, wa utoto, wa hasira, na nilipomwona anavaa miwani nikaona utangulizi wote ule ni wa kunifaa mimi. Nikamsomea tu. Sauti yangu ilikuwa ile ile niliyokuwa namsomea bibi, sauti ya kusoma darasani, sijui ilitoka wapi. Safari hii nilisoma kilichoandikwa.

Hakusema kitu. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akavua miwani akaifuta na pindo la shati, akaivaa, akaichukua mwenyewe ile karatasi na kuitazama kwa mbali, mkono umenyooshwa, ingawa yeye anajua kusoma.

"Alisema kwa Kibondei au kwa Kiswahili?" akauliza.

Nilishindwa kumwelewa. Nikasema, "Nini mjomba?"

"Hilo la yameisha. Alilisema kwa lugha gani? Maana mama akiwa na hasira na mimi alikuwa anahamia Kiswahili. Kiswahili cha ofisini kabisa. Akiwa hana hasira anarudi Kibondei."

Nikasema sijui. Daftari lote ni la Kiswahili, kwa sababu nilichokiandika chote nilikiandika kwa Kiswahili, shule ilishanifundisha kwamba kuandika ndiyo huko. Sijui kama bibi alitumia neno moja au alitumia maneno kumi nami nikayafupisha kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukasirika. Sijui alisema huku anamenya au aliacha kumenya. Mjomba alinisubiri. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mwingine atafute ufunguo kwenye mkoba, ana uhakika umo humo.

"Sijui mjomba," nikasema. "Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa, kuhusu lipi sikuelewa. Nje sungura walikuwa wanagonga sahani ya bati. Akaamka akaenda kuwapa majani, akakaa huko muda, na aliporudi aliuliza kama daftari linaweza kubaki kwake. Nilisita, nawaambieni ukweli. Mle ndani kuna orodha ya rafiki zangu, kuna wino mwekundu, kuna shairi la beti tisa. Nikasema nichane ukurasa ule nimwachie. Akasema hapana, usichane, hayo mengine sitasoma.

Nikamwachia. Mama nimemwambia nilikwenda, hajaniuliza yaliyosemwa, lakini juzi nimesikia kwa mdogo wangu kwamba aliomba namba ya simu ya Morogoro. Kama amepiga sijui.

Mjomba yeye alipiga wiki iliyopita, asubuhi na mapema, nikadhani kuna msiba.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo mjomba, shikamoo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kuuliza tu. Huyu kijana wa baiskeli alikuwa mtoto wa nani?"